Barua ya kumpendekeza mwalimu wa mazoezi: Yanayopasa kuandikwa na yanayopasa kuachwa

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Methali hiyo ina ukweli kwa mwenye duka kando ya barabara, ambaye bidhaa yake huonekana kwa macho kabla ya mteja kutoa pesa. Kwa mwalimu wa mazoezi ya mwili anayeishi Kibera au Kawangware, mambo ni tofauti. Bidhaa yake ni ujuzi, na ujuzi hauonekani hadi mtu amruhusu kuingia langoni. Aghalabu kinachomfungulia lango hilo ni karatasi moja tu: barua ya mapendekezo kutoka kwa mtu aliyefunzwa naye au aliyewahi kumwajiri.

Hata hivyo, barua hiyo huandikwa kwa pupa. Mteja anayehamia mji mwingine, au msimamizi wa ukumbi unaofungwa, huandika mistari mitatu kwamba kijana huyu ni "mchapakazi, mwaminifu na mwenye bidii", kisha hutia sahihi akiamini kwamba amemfaa. Maneno hayo hayamharibii kijana jina, lakini hayamsaidii pia. Yangeweza kusemwa kuhusu fundi wa mawe, bawabu au mpishi. Anayeisoma barua hiyo upande wa pili hajajua lolote kuhusu kazi ambayo mwombaji anataka kuifanya.

Makala haya yanaeleza kwa nini barua hii ina uzito mkubwa katika mitaa hii miwili, tofauti yake na hati nyinginezo, na namna ya kuiandika ili imfae mwombaji bila kumdanganya msomaji.

Jirani kwa ardhi, mbali kwa malango

Katika vichochoro vya Kibera na Kawangware mna kumbi nyingi za mazoezi zilizojengwa kwa mabati. Vyuma vya kunyanyua humo aghalabu ni vya kujitengenezea: makopo na madebe yaliyojazwa saruji, kisha yakaunganishwa kwa bomba la chuma. Humo ndimo vijana wengi hujifunza kazi. Wengine huanzia katika ndondi, wengine katika kandanda au sarakasi, na ujuzi hupokezwa kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo bila mtihani wala cheti.

Wateja wenye uwezo wa kulipa ada ya mwalimu binafsi hawaishi mbali. Kawangware, Kilimani na Kileleshwa ni wadi za eneobunge moja, Dagoretti Kaskazini. Eneobunge la Kibra, lililopata mbunge wake wa kwanza katika uchaguzi wa mwaka 2013, lina wadi za Laini Saba, Lindi, Makina na Sarang'ombe, lakini pia lina ile ya Woodley ambayo jina lake rasmi limebeba uwanja wa gofu. Mwalimu anaweza kutoka Kawangware kwa miguu alfajiri na kufika Lavington kabla ya mteja wake kumaliza kufunga viatu.

Kwa hivyo kikwazo si umbali, bali ni imani. Mwalimu wa mazoezi huingia katika boma la mtu saa ambazo wengine wamelala. Hugusa bega na mgongo wa mteja ili kumsahihisha. Huambiwa siri za mwili ambazo hata jamaa hawazijui. Fauka ya hayo, kosa lake huumiza. Mtu anayenyanyua uzani akiwa amepinda mgongo anaweza kuumia kwa muda mrefu, na mwenye shinikizo la damu anayezuia pumzi anaponyanyua kitu kizito hulipandisha shinikizo hilo ghafla.

Mahitaji nayo yapo. Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli kwa siku mbili au zaidi. Daktari anapomwambia mgonjwa wa kisukari aanze mazoezi, mgonjwa huyo hutafuta wa kumwongoza, na ana haki ya kuuliza: huyu anayekuja kwangu ni nani?

Hata katika mataifa tajiri, dola halijibu swali hilo kikamilifu. Nchini Marekani, mashirika kama American Council on Exercise, lililoanzishwa mwaka 1985, na National Academy of Sports Medicine, la mwaka 1987, hutoa vyeti vinavyotambuliwa katika nchi nyingi, lakini hakuna leseni ya serikali kuu anayolazimika kuwa nayo kila mwalimu wa mazoezi. Vyeti hivyo hulipiwa kwa dola, kiasi ambacho kijana wa Gatwekera au Gatina hakipati kwa urahisi. Ndiyo maana barua hubeba mzigo ambao kwingineko hubebwa na cheti.

Hati tatu zisizotosha

Wengi huichanganya barua ya mapendekezo na hati nyingine tatu zinazotumika sana nchini Kenya.

Ya kwanza ni barua ya chifu. Hii hueleza kwamba mtu anajulikana na ni mkazi wa mahali fulani. Chifu hajamwona akifunza mazoezi, hivyo hawezi kulishuhudia hilo.

Ya pili ni cheti cha polisi cha tabia njema, kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) baada ya mwombaji kuchukuliwa alama za vidole. Hiki huonyesha iwapo mtu ana rekodi ya uhalifu. Mwenye nyumba huhitaji kukiona, lakini nacho hakisemi lolote kuhusu ujuzi. Mtu anaweza kuwa hana doa lolote mbele ya sheria na bado akamvunja mteja kiuno.

Ya tatu ni cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti hicho kazi inapokoma, isipokuwa kama ajira hiyo haikufika wiki nne mfululizo. Huandikwa jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa. Mwajiri anayekataa kwa makusudi au kwa uzembe kukitoa, au anayeandika ndani yake jambo analojua ni la uongo, anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, au kupewa adhabu zote mbili.

Mwalimu aliyeajiriwa na ukumbi wa mazoezi ana haki ya kukidai cheti hicho. Aliyekubaliana na mteja mmoja mmoja kwa ada ya kila kipindi, kwa kawaida si mwajiriwa wa mteja huyo, na hapo ndipo barua hubaki kuwa tegemeo lake la pekee.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kuandika barua ya kusifu tabia au utendakazi wa mtu. Cheti cha utumishi ni haki, ilhali barua ya mapendekezo ni hisani. Hiyo ndiyo sababu yake ya kuaminiwa: msomaji anajua kwamba aliyeiandika hakushurutishwa na yeyote.

Kivuli cha kipande

Nairobi ina kumbukumbu ndefu ya karatasi zinazomsemea mfanyakazi, na si zote zilizokuwa za heri. Kibera yenyewe ilianza kwa karatasi: askari Wanubi waliostaafu kutoka jeshi la King's African Rifles walipewa hati maalumu za kuwaruhusu kuishi na kulima katika msitu huo. Aliyekuwa na hati alikuwa na makao.

Kisha kikaja kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanaume Waafrika walilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe za kazi na mshahara, aghalabu ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Harry Thuku na wenzake katika chama cha East African Association walikipinga kipande mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini kilidumu hadi mwaka 1947.

Historia hiyo inamfaa anayeshika kalamu leo. Kipande kilikuwa chombo cha mwajiri, na mfanyakazi hakuwa na kauli juu ya yaliyoandikwa. Barua njema ya mapendekezo ni kinyume chake. Huombwa na mwenyewe, huandikwa kwa hiari, naye huisoma na kuibeba kokote atakako.

Nani anafaa kuandika

Wengi hudhani kwamba barua ikitoka kwa mtu mwenye cheo ndipo itakapopata uzito. Hilo ni kosa. Barua ya mwanasiasa ambaye hajawahi kufunzwa na mwombaji haina thamani ya barua ya mwalimu wa shule aliyefunzwa naye kwa miezi minane. Kipimo ni kimoja: je, mwandishi ameiona kazi kwa macho yake?

Kwa hiyo wanaofaa ni wa aina tatu. Kuna mteja aliyefunzwa naye kwa miezi kadhaa, msimamizi wa ukumbi alikofanyia kazi, na mwalimu mkongwe aliyemlea katika kazi hiyo. Barua tatu, moja kutoka kwa kila mmoja wao, huonyesha pande tatu za mtu. Barua tatu za wateja watatu wanaosema jambo lilelile huonyesha upande mmoja mara tatu.

Ndugu, mke au mume wa mwombaji asiandike. Mwandishi akiwa na uhusiano wowote wa kifedha na mwombaji, kwa mfano wanamiliki ukumbi pamoja, aseme hivyo waziwazi ndani ya barua.

Yanayopasa kuandikwa

Barua haihitaji kuzidi ukurasa mmoja. Iwe na tarehe, jina kamili la mwandishi, kazi yake, na nambari ya simu ambayo yu tayari kupokelea maswali. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila wasiwasi, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Jambo la msingi ni yaliyomo. Mfano ufuatao unaonyesha mwili wa barua inayojitosheleza:

"Nimefunzwa mazoezi na Bi Fulani kuanzia Machi 2022 hadi Novemba 2023, mara tatu kwa wiki, nyumbani kwangu. Kabla ya siku ya kwanza aliniuliza kuhusu maradhi, dawa ninazotumia na majeraha ya zamani, akayaandika majibu daftarini. Nilipomweleza kwamba goti langu liliwahi kuumia, aliniomba nimwone daktari kwanza. Kisha alinianzisha kwa kuketi na kusimama kutoka kitini, kabla ya kunipa uzani wowote. Katika muda huo wote alikosa kufika mara mbili, na mara zote mbili alinipigia simu siku iliyotangulia. Nilipoanza sikuweza kupanda ngazi hadi orofa ya nne bila kupumzika. Tulipomaliza niliweza. Sijamwona akiwafunza watoto wala wajawazito, hivyo siwezi kulisemea hilo. Nikihitaji mwalimu tena, nitamwita yeye."

Hakuna sifa hata moja katika barua hiyo. Hakuna neno "mwaminifu" wala "hodari". Hata hivyo, msomaji humaliza akijua kwamba mwalimu huyo huuliza kabla ya kutenda, anautambua mpaka kati ya kazi yake na ya daktari, huheshimu saa, na mafunzo yake huleta tofauti inayopimika. Mwandishi ameeleza matendo, akamwachia msomaji kazi ya kutoa sifa.

Sentensi inayokiri kwamba mwandishi hajui jambo fulani haimpunguzii mwombaji hadhi, bali huzipa nguvu zile nyingine, kwani msomaji huona kwamba mwandishi amejizuia. Sentensi ya mwisho nayo ni fupi, lakini ndiyo ambayo mwajiri huitafuta kwanza: je, wewe mwenyewe ungemchukua tena?

Anayeandika kwa niaba ya ukumbi anaweza kuongeza mambo ambayo mteja mmoja hawezi kuyaona: idadi ya watu aliowaongoza mwalimu kwa pamoja, namna alivyovitunza vifaa, alivyotenda mtu alipozimia au kuumia, na iwapo amepata mafunzo ya huduma ya kwanza, kama yale yanayotolewa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya au St John Ambulance. Kama mwombaji alifunza kwa madebe ya saruji, lisifichwe hilo. Mtu anayeweza kupanga mazoezi salama kwa vifaa duni amethibitisha jambo ambalo mashine za bei ghali haziwezi kumthibitishia.

Yanayopasa kuachwa

Jambo la kwanza la kuachwa ni siri za watu wengine. Mwandishi anaweza kutaja goti lake mwenyewe, lakini hana ruhusa ya kutaja kisukari cha jirani aliyefunzwa pamoja naye. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka hali ya afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Majina ya wateja wengine nayo yasitajwe bila idhini yao.

La pili ni huruma. Barua nyingi kutoka mitaa hii hueleza kwamba kijana ni yatima, kwamba anawalipia wadogo zake karo, kwamba ameepuka uhalifu licha ya umaskini. Nia ya mwandishi ni njema, lakini matokeo yake ni kinyume. Msomaji aliyekuwa akitafuta mwalimu hujikuta akiombwa sadaka. Mbaya zaidi, kusema mtu hakuwa mhalifu licha ya kuishi Kibera ni kuutusi mtaa mzima na kumpandia msomaji shaka ambayo hakuwa nayo. Kabila, dini na hali ya ndoa pia hazina nafasi humo.

La tatu ni ahadi. "Atakupunguza kilo kumi kwa mwezi" si pendekezo bali ni tangazo la biashara. Mwili wa kila mtu una mwenendo wake, na mteja mpya akikosa matokeo hayo, mwalimu ndiye atakayelaumiwa.

La nne ni uongo. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma nchini Kenya ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba zaidi ya watumishi 2,000 walikuwa na vyeti ghushi. Tangu hapo waajiri wameziangalia karatasi kwa jicho la shaka zaidi. Kughushi hati ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ya jumla ni kifungo cha hadi miaka mitatu. Anayejitungia barua saiba na kumtilia mtu sahihi hahatarishi riziki yake peke yake. Humchafulia jina kila kijana wa mtaa wake atakayefika kwenye lango hilo baada yake.

Mwandishi naye ana wajibu. Nchini Uingereza, katika kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance iliyoamuliwa mwaka 1994, mahakama ya juu zaidi ya nchi hiyo ilisema kwamba mwajiri anayeandika maelezo kuhusu mfanyakazi wake wa zamani anapaswa kuwa mwangalifu asimdhuru kwa maelezo yasiyo sahihi. Uamuzi huo hauzibani mahakama za Kenya, lakini hekima yake haina mipaka. Asiyeweza kuandika mema kwa ukweli ni heri akatae kwa upole kuliko kuandika barua ya shingo upande.

Namna ya kuomba na ya kusoma

Mwombaji asingoje hadi siku ya mahojiano. Aombe barua mara tu kazi inapomalizika, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Ampelekee mwandishi tarehe za kuanza na kumaliza, na ajue kwamba rekodi za malipo ya M-Pesa zinaweza kumsaidia kuzikumbuka barabara. Amkumbushe matukio mawili au matatu, kisha amwache aandike kwa maneno yake. Nakala halisi aihifadhi, na anapoomba kazi atoe kivuli chake. Kila anapoitumia barua hiyo, ni adabu kumwarifu mwandishi ili simu ya mgeni isimshtue.

Anayepokea barua naye hajamaliza kazi kwa kuisoma. Apige simu. Swali moja linatosha: "Ni jambo gani alilokusahihisha ambalo hukulijua?" Aliyefunzwa kweli atajibu bila kusita. Baada ya hapo, mwombaji apewe kipindi kimoja cha majaribio, na alipwe kwa kipindi hicho.

Barua hizi huenda zikapata matumizi mengine. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, jambo linalosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma (KNQA). Chini ya utaratibu wa aina hiyo, anayejua kazi hupimwa na kupewa cheti bila kurudishwa shuleni kuanza upya. Upimaji huhitaji ushahidi wa kazi aliyoifanya mtu, aliyoifanyia nani na kwa muda gani. Barua iliyojaa "mchapakazi" na "mwenye bidii" haitakuwa na la kumwambia mpimaji. Ile yenye tarehe, goti na ngazi za orofa ya nne itakuwa nalo.